Mshenga wa Protas

Mume wangu Protas hajui kujisifu, na kwa jambo hilo nusura tuwe mke na mume wa kupigiana simu.

Nasema hivi mwanzoni ili msije mkamwonea huruma bure. Si mtu mnyonge. Kule Mbinga alikuwa mwalimu wa useremala katika chuo cha ufundi, na mabenchi yote ya kanisa letu, ukiondoa mawili ya nyuma yaliyoliwa na mchwa, ni kazi ya mkono wake. Ukimsifia atakwambia, "Tulishirikiana." Alishirikiana na nani? Na msumeno.

Tulikuja London mwaka wa 2002. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya uuguzi hata kabla sijapanda ndege, na kwa hilo sitachoka kushukuru. Tulipanga vyumba viwili Kilburn, juu ya duka la mazulia, mimi, yeye na binti yetu Valeria. Protas kazi yake ilikuwa kutafuta kazi. Chuo kilimpa likizo ya mwaka mmoja bila malipo, na mwezi wa pili wa mwaka uliofuata ikaja barua ya mkuu wa chuo: asiporipoti ifikapo Pasaka, nafasi yake atapewa mwingine.

Tulikaa mezani tukakubaliana. Kama Pasaka itafika hana kazi, atarudi Mbinga, na Valeria ataondoka naye, maana zamu zangu za wodini hazikuniruhusu kulea mtoto wa miaka sita peke yangu. Tulikubaliana kwa sauti ya chini, kistaarabu kabisa. Kisha nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Aliitwa kwenye usaili mara saba. Mara saba nilimpigia pasi shati, mara saba akarudi na ile bahasha yake ya kaki yenye vyeti na barua ya paroko iliyogongwa mhuri, ambayo hakuna aliyeomba kuiona. Nikawa nambana anisimulie.

"Wamekuuliza nini?"

"Wameuliza nina uwezo gani."

"Ukasemaje?"

"Nikawaambia hilo si langu kusema. Wawaulize niliofanya nao kazi."

"Baba Valeria! Hao watu si wako Mbinga?"

"Nimewapa namba ya simu ya parokia."

Mara ya saba ndiyo iliyonimaliza. Ilikuwa karakana ya kutengeneza milango, upande wa Thamesmead, kazi anayoiweza akiwa amefumba macho. Wakamuuliza kwa nini wamchukue yeye na si mwingine. Mume wangu, Mungu amlinde, akajibu kwamba hata yule Mghana aliyemkuta kwenye viti vya kusubiria ni mtu mzuri, tena ana mapacha. Kazi akapewa baba wa mapacha.

Siku hiyo nilifoka. "Hapa watu wanajitangaza! Interview ni ya kujinadi, Baba Valeria, siyo kitubio!"

Akaniangalia kwa ule upole wake unaoniudhi kuliko matusi. "Sasa Mama Valeria, mtu akijisifu mwenyewe, nani atamwamini?"

Wote wawili ndivyo tulivyolelewa. Kwetu hata mke huendi kumwomba kwa mdomo wako. Protas alipokuja kuniposa hakusema neno; alikaa ameinamisha kichwa, na mshenga wake, mjomba Severin, ndiye aliyemsemea tangu asubuhi mpaka chakula kikapoa. Mimi nilikuwa jikoni nimetega sikio, na nilimpenda mtu kwa maneno ya mjomba wake. Nilipokumbuka hayo hasira ikanitoka. Huyu mtu hakuhitaji kufundishwa kujinadi. Alihitaji mshenga.

Zikiwa zimebaki wiki mbili Pasaka ifike, Gaudensia, muuguzi mwenzangu, aliniambia kuna karakana ya fanicha kule Queensbury inatafuta fundi. Mwenye karakana aliitwa Damyanti, mjane wa Kihindi, mzaliwa wa Morogoro. Protas akapiga simu, akaambiwa aje Ijumaa. Nikabadilishana zamu na Gaudensia, nikavaa kitenge changu cha sikukuu, nikatoka naye.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza mlangoni.

"Kwenye interview."

"Yako?"

"Yako."

Tulimkuta Damyanti ofisini, miwani shingoni, vumbi la mbao kwenye pindo la sari. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia marahaba kabla hajakumbuka kushangaa.

"Fundi ni nani kati yenu?"

"Ni huyu, mume wangu. Mimi ni mshenga wake."

Akavaa miwani anione vizuri. "Mshenga? Hapa London?"

"Mama, ukimuuliza yeye utapoteza muda wako. Niulize mimi."

Protas alikuwa ameikazia macho sakafu, anaiomba impasukie. Damyanti akavuta kiti, akakaa. "Haya, sema."

Nikasema. Nikamweleza mabenchi ya kanisa, madawati ya shule tatu, paa la zahanati ambalo upepo ulishindwa kulibeba. Protas alipoanza na "tulishirikiana" yake nikamkata jicho.

"Na kasoro zake?" Damyanti akauliza.

Sikutaka kumdanganya mjane wa watu. "Ni mbishi kuhusu gundi. Hataki kuharakishwa. Na kazi akiimaliza hakwambii, utaikuta tu imekwisha."

Damyanti akageuka kumtazama, asimwone. Mume wangu alikuwa chini ya meza ya ofisi, anachomeka kipande cha mbao kwenye mguu uliokuwa unacheza.

"Wewe, toka huko," akamwambia. "Mke wako nimemsikia, wewe sijakusikia hata sauti. Kama hutaki kujisemea, basi msemee yeye."

Nilidhani atasema ni mama mzuri, tuondoke zetu. Protas akasimama, akajipangusa magoti, akaanza. Akasema natoka zamu miguu imevimba na bado nashika pasi kwa ajili ya shati lake. Akasema toka tufike sijamwambia hata siku moja kwamba mimi ndiye ninayelisha nyumba. Kisha akasema, "Mama yangu alipopooza, huyu alimwogesha miezi minne. Wageni wakija anawaambia, mama leo ameoga mwenyewe. Alikuwa hataki mama aone aibu. Mimi niko uani, nasikia kila siku."

Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa. Jambo hilo nilidhani tulilijua wawili tu, mimi na marehemu mkwe wangu.

Damyanti akajishughulisha na kufuta miwani. "Jumatatu, saa mbili asubuhi," akasema. "Njoo na viatu vizito, hapa chini misumari haikosi."

Kwenye basi la kurudi Protas alizungumzia gundi njia nzima, ati ile ya Damyanti ni nyepesi mno. Mimi nililia waziwazi mbele za abiria, wala sikuona haya.

Valeria amekulia hapa, baba yake akiwa nyumbani. Nawashukuru wengi kwa hilo: Gaudensia, na hasa Damyanti, ambaye Protas alimfanyia kazi miaka kumi na minne mpaka alipofunga karakana. Lakini wapo wengine ninaowashukuru nao hawana habari, wale saba waliomkataa. Mmoja wao angemchukua, ningezeeka naye bila kujua kwamba alikuwa uani, anasikia.