Namba Tisa Hakuwa Mwombaji

Kiwandani walimwita Kipimo, kwa sababu hakuwahi kukata kioo kabla ya kukipima mara tatu, na hata ukimuuliza saa alitazama ya mkononi, kisha ya ukutani, ndipo akakujibu. Alikuwa mkata vioo kwa miaka kumi na minne. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa zulia, kulaza kioo, kupitisha kisu chenye ncha ya almasi mara moja tu, kisha kukibana kioo kwa mikono miwili mpaka kikatike pale pale alipotaka. Mtu asiyejua angedhani ni mchezo. Katika miaka yote hiyo alipanda ghorofani, walikokaa wenye ofisi, mara moja tu, kusaini fomu ya likizo, na hata hiyo aliisainia mlangoni.

Kwa hiyo siku alipoitwa na meneja wa wafanyakazi, mama mmoja wa maneno machache, alipanda ngazi roho mkononi, akijua ni barua ya kuachishwa. Kumbe sivyo. Meneja alimkaribisha kiti, akamweleza kwamba kiwanda kinatafuta wabebaji vioo watatu, na kwamba waombaji wanane watasailiwa pamoja, chumba kimoja, asubuhi moja. Alitaka mtu wa tisa aketi katikati yao kama mwombaji mwenzao.

"Sisi tukiwepo kila mtu ni malaika," alisema. "Nataka kujua wanakuwaje tukishatoka."

Kipimo alikubali kabla hajamaliza kusikia. Alipofika nyumbani alimsimulia mkewe, ambaye ni mshonaji wa sare za shule, na alisimulia kwa madaha kama mtu aliyepandishwa cheo. Mkewe aliuliza swali moja tu: hao wenzake wangejua yeye ni nani? Akamjibu hawatajua, ndiyo maana yenyewe ya jambo. Mkewe akainamia cherehani yake, akaendelea kushona.

Kama hujawahi kuingia kwenye usaili wa kikundi, mambo huwa hivi. Unafika umejiandaa kujibu maswali, kumbe hakuna atakayekuuliza swali. Mnabandikwa stika zenye namba kifuani, mnaambiwa msitaje majina ili pasiwe na upendeleo, mnakalishwa kuzunguka meza moja. Kila mtu anajieleza kwa dakika moja. Mtu akifika zamu yake anasahau hata alizaliwa wapi, na yule aliye pembeni hasikilizi, anapanga ya kwake. Kisha mnapewa tatizo mlitatue pamoja. Wasaili wanakaa kwenye pembe za chumba na madaftari yao, hawatikisi kichwa wala hawatabasamu, na usipokuwa mwangalifu utajikuta unaongea na wao badala ya kuongea na wenzako.

Wasaili siku hiyo walikuwa wawili, meneja na fundi mkuu. Tatizo walilotoa lilikuwa hili: lori limeharibika njiani likiwa na vioo kumi na viwili vya shule, mvua inakuja, wabebaji ni wanne, na mmoja wao amejikata mkono. Mfanye nini kwanza? Dakika ishirini.

Namba Mbili, kijana mwenye mabega mapana, alinyakua kalamu na kwenda kuandika kwenye karatasi kubwa ukutani. Ndivyo inavyokuwa siku zote: mwenye kalamu ndiye mwenye mkutano. Namba Tano alibishana naye. Namba Saba aliunga mkono kila aliyesema, hata waliopingana. Namba Nane, mama mmoja aliyewahi kubeba vigae, alifungua mdomo mara tatu na mara zote tatu alikatizwa.

Aliyemshangaza Kipimo ni Namba Sita. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye makovu madogo meupe vidoleni, yale ambayo mtu wa vioo huyatambua hata gizani. Hakusema sana. Lakini macho yake yalizunguka meza bila kupumzika, uso hadi uso, na ghafla akainua mkono taratibu.

"Samahani, ndugu zangu. Mama hapa ana neno tangu kitambo. Tumpe nafasi."

Namba Nane alipopewa nafasi alisema jambo ambalo wote walilisahau: kwanza mfungeni kidonda aliyejikata, ndipo muulize habari za vioo. Namba Sita akaongeza kwamba vioo visilazwe chini, visimamishwe kuegemea ubavu wa lori, na katikati yake viwekewe mbao. Kipimo alisikia raha moyoni. Huyu alikuwa fundi, na tena alikuwa mtu.

Ulipofika muda wa chai wasaili walitoka, wakafunga mlango. Hapo ndipo kazi ya Kipimo ilipoanza. Namba Mbili alianza kujigamba. Namba Tano akapiga simu dirishani. Namba Sita alibeba kikombe chake, akazunguka meza nzima, akaketi kushoto kwa Kipimo ingawa viti vya upande wa kulia vilikuwa wazi. Walizungumza habari za watoto, kisha Kipimo, kwa sauti ya kirafiki ambayo baadaye aliichukia, akamuuliza mbona anatazama watu midomo namna ile.

Mwenzake alicheka kidogo. Alimweleza kwamba sikio lake la kushoto lilikufa utotoni kwa homa. Tangu hapo amejifunza kusoma nyuso, na ndiyo maana humwona mtu anayetaka kusema kabla hajasema. Kwenye kazi ya kubeba, alisema, yeye hushika upande wa kushoto siku zote, wenzake wote wawe upande wa sikio zima. Miaka kumi na moja alibeba vioo kwenye karakana iliyofungwa mwaka uliopita, hakuvunja hata kimoja, hakumkata mtu.

"Fomu iliuliza kama nina tatizo lolote la afya," alisema. "Nikaacha wazi. Ukiandika hilo, hawasomi mstari unaofuata."

Kipimo alimwambia asijali. Kweli alimwambia hivyo, asijali, na wakagongesha vikombe.

Mchana waombaji walipokwisha kuondoka, aliitwa kwenye ofisi ya meneja. Fundi mkuu alikuwepo. Meneja alikuwa amefungua daftari, kalamu mkononi. Kipimo alieleza kwamba Namba Mbili anajisifu, kwamba Namba Tano haachi simu, kwamba Namba Saba ni bendera hufuata upepo. Meneja alitikisa kichwa kukubali kila mara, lakini hakuandika. Hayo wote walikuwa wameyaona. Akaifunika kalamu. Kipimo aliiona ile kalamu ikifunikwa, na akaona ngazi alizopanda zikimrudisha chini mikono mitupu, baada ya miaka kumi na minne ya kutoitwa.

"Namba Sita ana sikio moja bovu," alisema. "Halisikii kabisa. Na kwenye fomu amelificha."

Kalamu ikafunuliwa. Meneja akaandika mistari miwili. Fundi mkuu akaguna, akasema kazi ya vioo ni kazi ya kuitikiana, mmoja asiposikia "shusha" mwingine anabaki bila vidole. Kipimo alikuwa bado na maneno mdomoni: kuhusu upande wa kushoto, kuhusu ile miaka kumi na moja. Lakini fundi mkuu alikuwa ameshaanza kueleza kisa cha mtu aliyekatwa zamani, na meneja alikuwa amesimama, akimpa mkono, akimwambia amewasaidia sana. Akayameza. Akashuka ngazi akijiambia kwamba hakusema uongo hata neno moja, na kweli hakusema.

Waliochukuliwa ni Namba Mbili, Namba Nane na mwingine mmoja. Namba Mbili, majigambo yalipomwisha, akawa mfanyakazi mzuri tu, mwenye adabu na mwenye nguvu. Hilo nalo halikumsaidia Kipimo. Angekuwa mbovu, angepata wa kumkasirikia.

Miezi saba ilipita. Siku moja akitoka kazini alikata njia ya mtaa asiouzoea, na kwenye kibanda kati ya saluni na duka la fotokopi akasikia mtu anaita: "Namba Tisa!"

Alikuwa Namba Sita, amevaa aproni, mbele yake vioo vidogo vya kujitazamia na fremu za picha. Alitoka nje na kumkumbatia kama ndugu.

"Na wewe walikutosa?" aliuliza. "Nilijua. Mle ndani watu walikuwa wawili tu, mimi na wewe."

Kipimo alijibu kwamba ndiyo, walimtosa. Aliulizwa anafanya nini siku hizi, akasema anahangaika hapa na pale, akipata anakata vioo. Maneno yalitoka yenyewe, laini kama mafuta. Mwenzake alimsikitikia kwa dhati, akachana kipande cha boksi, akamwandikia mahali wanapotafuta mkata vioo, akamwambia akifika aseme ametumwa na fundi wa fremu. Kisha akamweleza la moyoni. Alikuwa amejiuliza sana alikosea wapi siku ile, na amegundua: alinyamaza mno. Mwezi uliopita aliitwa kwenye usaili mwingine wa kikundi, basi akaongea kama redio, akamkatiza kila mtu, na wakamwacha tena. Lakini hakukata tamaa. Wiki tatu mbele alikuwa na mwingine, na safari hii angeshika kalamu yeye.

Kipimo alirudi nyumbani na kile kipande cha boksi mfukoni. Alimweleza mkewe yote tangu mwanzo, akidhani atalaumiwa. Mkewe hakumlaumu.

"Ukimwambia utajitua mzigo," alisema. "Lakini mzigo haupotei, mume wangu. Ataubeba yeye."

Kesho yake alipanda ghorofani bila kuitwa, akamweleza meneja ile nusu iliyobaki. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema angeyajua hayo siku ile angemwita yule mtu abebe kioo mbele yao, waone kwa macho. Sasa nafasi zimejaa. "Mimi niliandika ulichoniambia," alisema, bila ukali, na Kipimo angependelea ukali.

Kwa wiki mbili na nusu maneno ya mkewe na maneno ya Namba Sita yalipigana kichwani mwake. Mwishowe kilichomwondoa nyumbani ni ule usaili uliokuwa unakaribia. Mtu mwenye kipaji cha kuona wenzake alikuwa anakwenda tena kukiua kwa mikono yake, kwa kosa ambalo hakulitenda. Akapiga moyo konde, akaenda.

Alimkuta anakata kioo. Alisimama, akayasema yote bila kuketi: kwamba yeye ni mfanyakazi wa kile kiwanda, kwamba aliwekwa pale, kwamba ndiye aliyesema habari ya sikio. Na kwamba kunyamaza hakukumponza, kinyume chake, alikuwa mbora wao wote. Asiende kuongea kama redio.

Mwenzake alimtazama mdomo mpaka ukatulia. Hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha.

"Uliwaambia nabeba kushoto?"

"Sikuwaambia."

"Na miaka kumi na moja?"

"Hiyo pia sikuwaambia."

Alifikiri. "Basi hukuwaambia habari zangu," alisema. "Uliwaambia habari za sikio."

Kipimo aliomba radhi. Yule fundi akasema amesikia. Kisha akamwomba asogee, kwa kuwa alikuwa anamkinga mwanga, akaendelea kukata kioo chake, na mstari ulikuwa umenyooka kabisa. Kipimo alisimama kidogo kando, akingoja neno lingine, hata tusi. Halikuja. Mteja aliingia na picha ya harusi, Kipimo akaondoka.

Mwaka uliofuata kiwanda kilitafuta wabebaji wengine na fundi mkuu akamtuma mtu amwite Kipimo aketi tena kati ya waombaji. Alikataa, akasema ana kazi nyingi mezani. Wakamchukua mpakiaji mmoja, ambaye alipanda ngazi akipiga mluzi.

Mara chache Kipimo alipita tena kwenye ule mtaa, daima upande wa pili wa barabara. Alitaka kujua kama yule mtu alikwenda kwenye usaili wake, na kama alikwenda, aliongea au alisikiliza. Hakuwa na uso wa kuuliza. Alipojikaza na kuvuka, kibanda kilikuwa na mtu anayeuza vifuniko vya simu. Dada wa saluni alimwambia fundi wa fremu amehama tangu mwezi uliopita. Alidhani amepata kazi kwenye karakana ya mabasi, mji mwingine, au labda amerudi tu kwao. Hakuwa na hakika.

Kipimo aliuliza jina lake ni nani, ili angalau amtafute. Dada alifikiri, akamgeukia mteja wake kwenye kiti, na mteja naye akatikisa kichwa. Wote walikuwa wakimwita Fundi.