Mamangu na Radhi Zake za Kila Wiki

Nakumbuka ilikuwa Ijumaa, saa tisa za alasiri, kwetu Likoni, mamangu aliponituma nikawaite majirani waje wampe radhi. Tena! Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Mimi wakati huo msichana wa skuli, mwenye haya hata salamu naitikia chini chini, ndiye wa kubisha mlango baada ya mlango: "Mama anawaombeni radhi, anasema siku zake zimefika."

Siku zenyewe hazikufika. Mamangu alikuwa ameondolewa titi hospitali ya kisiwani, ng'ambo ya kivuko, kwa ugonjwa huu mnaouita leo saratani. Kidonda kilipona vizuri. Daktari akamwambia arudi atazamwe, hakurudi. Ila kovu likimuwasha, mgongo ukimuuma, akikohoa tu, basi, hujilaza kitandani na kuita watu wasameheane kabla hajafa.

Siku hiyo alikuja Bi Mishi wa nyumba ya pili, peke yake, mikono imejaa unga wa mahamri.

"Mwanahamisi, mimi nimeshakusamehe hata yale utakayonikosea mwakani. Sasa nikusamehe nini tena?"

"Gonjwa limerudi, Mishi. Nalihisi."

"Daktari amelihisi?"

Mama akageukia ukutani. "Nikienda akaniambia limerudi, je?"

"Litakuwa limerudi, uende usiende. Na kama halijarudi, wallahi umetutoa machozi bure, na mtoto huyu umempa kazi ya kutangaza msiba usiokuwapo!"

Nilidhani mama atakasirika. Alicheka, kisha akalia, Bi Mishi akamkumbatia, unga ukamjaa mgongoni.

"Hofu haitakutoka leo," akamwambia, sauti imeshuka. "Hata mimi nakuogopea. Twende nayo huko huko kwa daktari."

Nawe, mwanangu, umemaliza matibabu yako ya ugonjwa huo huo, na kila kipele unaniletea nikitazame. Mimi si daktari! Siku ya kutazamwa ikifika, nenda, hofu nayo uibebe. Siku nyingine hofu ikikujia, mwambie mtu mmoja, si mtaa mzima, kisha ule, ufue, uende arusini. Usiwaage watu ambao ungali unaishi nao. Mola akupe afya, akupe na usingizi usiokuwa na maswali.

Mamangu, asubuhi yake, alioga, akavaa buibui, akanywa chai akiwa amesimama, akaniambia nivae viatu. Tulipofika kivukoni, Bi Mishi naye kando, mama alinibana mkono mpaka nikaumia, lakini feri alipanda.