Ukuta wa Plastiki na Moto wa Mama Halima

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Lodwar, foromani alinitazama kuanzia ndala hadi kilemba, akauliza, "Mama, umekuja kuuza chai?" Nikamwambia nimekuja kujenga. Wanaume wakaangua kicheko. "Haya, na nyinyi mlizaliwa ndani ya nyumba iliyojengwa na nani?" nikawauliza. Wakanipisha, maana kwetu Turkana anayejenga nyumba ni mwanamke, na wote walikulia chini ya makuti ya mkoma yaliyofungwa na mama zao. Foromani, mtu wa Kitale mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti, akanipa nyundo. Mungu ambariki popote alipo.

Kampuni ilikuwa imeanza kuleta vinili, zile mbao nyepesi za plastiki za kuvika ukuta wa nje. Vijana mnaziona kila siku, lakini nikiwauliza zimetengenezwa kutokana na nini mnakodoa macho. Ni PVC, ndugu wa bomba la maji. Asili yake ni chumvi, pamoja na mafuta ya ardhini au gesi. Kiwandani unga wake huchanganywa na chaki, dawa ya kuzuia usivunjike ovyo, na rangi nyeupe ya kukinga jua, kisha huyeyushwa na kusukumwa hadi utoke ubao. Magari ya kutafuta mafuta yalipojaa Lokichar, foromani alikuwa akitutania, "Waacheni wachimbe, wanatutafutia ukuta."

Somo la kwanza lilikuwa la msumari. Huku kwetu upepo hauna adabu, kwa hiyo tumezoea kufunga kila kitu hadi kisipumue. Mbao za kwanza tulizipigilia hivyo hivyo. Kufika saa nane, lo! Ukuta mzima ulikuwa umevimba kama mandazi. Plastiki hurefuka ikipata joto, ndiyo maana tundu la msumari ni refu, na msumari hukaa katikati bila kubana. "Sukuma ubao kushoto na kulia," foromani alitufundisha. "Ukikataa kusogea, umeufunga jela. Ng'oa." Tukang'oa wote, naye hakutusimanga hata kidogo.

Baadaye nilihamishiwa Kakuma, mimi mwenyewe sasa nikiwa msimamizi wa saiti. Abdirashid, Msomali mwenye malori, alikuwa anamjengea mama yake nyumba mjini ili atoke kambi ya wakimbizi. Alitaka vinili pande zote nne, rangi ya kahawa. Nikamwambia rangi nzito hunywa jua, na jua la Kakuma si la kuchezea, mbao zitapinda. Tukakubaliana rangi ya mchanga, ambayo hata vumbi haionyeshi.

Lakini mimi siviki nyumba kabla sijamuuliza mwanamke atakayeishi humo. Ndivyo nilivyolelewa. Basi Mama Halima akaletwa, kikongwe mwembamba mwenye fimbo.

"Mama, moto utakaa wapi?" nikamuuliza.

Akagusa ukuta wa nyuma, upande wa nje, akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Hapa. Upepo hapiti hapa."

Nikaguna. Vinili na moto ni paka na panya. Jiko la makaa likikaa karibu, ubao hulainika na kuning'inia, na ukiungua moshi wake ni sumu. Nikashauri ukuta ule tuuvike mawe.

"Hapana, fundi," Abdirashid akasema. "Upande mmoja mawe? Watu watasema nimeishiwa. Mama atapika ndani, nimemnunulia gesi."

Mama Halima akakaza mtandio wake. "Gesi hapana makaa. Ubani wangu nitaweka wapi? Nyumba bila moto ni stoo. Mimi narudi kambini." Na kweli akaanza kutembea kuelekea barabarani, juani, fimbo mkononi.

Abdirashid alibaki ameduwaa. Malori yote yale, safari zote zile, alikuwa akihangaika ili mama yake atoke chini ya turubai, na sasa anamwona akirudi huko huko. Nilimwonea huruma hadi machozi yakanilenga.

"Mwanangu," nikamwambia, "hao watu watakaosema, ndio watakaolala humu?"

Akatoka mbio. Mtu mzito yule, sikujua anaweza kukimbia! Sikusikia walichoambiana, ila niliwaona wakirudi, amemshika mkono.

"Weka mawe," akasema.

Tukaweka mawe. Siku ya kuhamia, Mama Halima aliwasha moto wake kabla kitanda hakijaingizwa, akanimiminia chai kikombe cha kwanza.

Sasa nimestaafu. Magoti yananung'unika, lakini mimi sina la kunung'unikia. Kazi ilinipa heshima na walimu wema. Wajenzi wakija kwangu nawaambia: chagueni rangi nyepesi na ubao mnene, acheni msumari upumue, na kabla ya yote ulizeni moto utakaa wapi.

Juzi nilipita Kakuma. Mama Halima ameshatangulia mbele ya haki. Vinili pande tatu zilikuwa safi, zimeoshwa zinang'aa, ila ukuta wa mawe umejaa masizi hadi kwenye paa.

"Ejok, mama," Abdirashid akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Mwanangu, masizi haya yanatoka kwa sabuni na brashi. Nikutafutie mtu?"

Akaweka kiganja juu ya mawe meusi.

"Hapa asiguse mtu," akasema. "Hapa ndipo alipokuwa anakaa."