Wa Mwisho Nani?

Juzi jirani yangu hapa Lodwar aliunguza njegere. Alizisahau motoni akaenda kupiga soga langoni, na ile harufu ya njegere kavu zinazoanza kuwa nyeusi ikavuka ua ikaingia jikoni kwangu. Mwingine angefunga dirisha. Mimi nilivuta kiti nikakaa, nikainusa hadi ikaisha, maana ndiyo harufu ya kahawa ya kwanza niliyoijua maishani.

Kahawa hiyo ilikuwa ya Achol, muuguzi wa zahanati moja ndani ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama yangu aliuza makaa pembezoni mwa kambi. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kupima makaa kwa mkebe na kutodanganywa na wateja. Kila Jumamosi Achol alinunua mikebe miwili, akawasha jiko palepale, akakaanga njegere za manjano za msaada pamoja na buni kidogo, akazitwanga zote pamoja. Huko kisiwani alikosomea walichanganya hivyo, alisema, kwa sababu kahawa ilikuwa kidogo na watu walikuwa wengi. Mama alionja mara ya kwanza akasema haya ni maji ya kusuuzia sufuria. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kunyoosha kikombe.

Kisiwa chenyewe kilikuwa Kuba. Achol alizaliwa kusini mwa Sudan, vita vikamkuta mdogo, akapandishwa meli na watoto wengine kwenda kusomeshwa huko bure: asubuhi darasani, mchana shambani kuchuma mabalungi. Alirudi akiwa mtu mzima, akaja Kakuma kumtafuta shangazi yake. Kiswahili alijifunzia sokoni kwetu, ndiyo maana hakikuwa na adabu nyingi.

Kwake ndiko nilikosikia mara ya kwanza habari za mapinduzi. Zamani, alisema, mashamba ya miwa ya kisiwa kile yalikuwa ya watu wachache, na wengine hawakuishi hata huko. Mkata miwa alipata kazi msimu mmoja, miezi iliyobaki akafunga mkanda. Mtoto wake akiugua, hospitali ilikuwa ya mwenye pesa. Ndipo vijana wakapanda milimani na bunduki, na maskini wakawafuata. Waliposhinda walichukua mashamba, wakatuma wanafunzi vijijini kuwafundisha wazee kusoma, wakapeleka madaktari mpaka huko milimani. Mama alipenda sana sehemu hiyo. Aliuliza kama wale vijana wangeweza kupitia Turkana.

Achol akamwambia angoje amalize. Wenye mali walikimbia, ndugu wakatengana, huyu huku, yule ng'ambo. Mafuta na sabuni vikawa vya kupimiwa, na kila kitu kikawa na foleni. Tena kulikuwa na mambo ambayo mtu hayasemi kabla ya kutazama nyuma. Hapo mwenyewe alishusha sauti, ingawa nyuma yake kulikuwa na mbuzi watatu tu. Nilicheka sana. Nilidhani anaigiza.

"Kwa hivyo daktari iko, sabuni hakuna," Mama akasema. "Sisi sabuni iko."

"Na daktari?" Achol akauliza.

Mama akaongeza kahawa.

Daktari tulimhitaji kwa ajili ya Ata, bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Lodwar. Nzi na vumbi vilikuwa vimemharibu macho mpaka kope zikajikunja kwa ndani, nywele zake zikawa zinamkwaruza mboni. Kila likizo nilizing'oa moja moja kwa kibanio cha chuma, naye akinisifu kuwa nina mkono mwepesi, na kabla shule hazijafunguliwa zilikuwa zimeota tena. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa njiani.

Basi Achol akatuletea habari kwamba madaktari wa macho wangekuja kambini kwa siku mbili, kumpasua kope yeyote bila malipo, mkimbizi au mwenyeji. Ata akapakiwa kwenye lori la mbuzi kutoka Lodwar. Lori likanasa mchangani, naye akafika asubuhi ya siku ya pili, ya mwisho, akilalamika kwamba njia nzima mbuzi walikuwa wamepewa mahali pazuri kuliko yeye.

Foleni ilikuwa imezunguka zahanati, na jua la Kakuma halina huruma na mzee. Achol alitoka nje, akawatazama wale vikongwe wanavyoyumba, akaamua kutufundisha foleni ya kisiwani. Ukifika, alisema, uliza wa mwisho nani. Akijitaja, mtazame, umjue. Anayekuja baada yako naye akujue wewe. Kisha kila mtu aende akakae kivulini, na foleni itakuwepo vilevile. Wazee wa kwetu walicheka, wakasema foleni isiyo na watu ni ya mashetani. Jua liliwashawishi haraka kuliko Achol.

Mama alimkalisha Ata chini ya mwarobaini, foleni nikaachiwa mimi. Nikauliza, "Wa mwisho nani?" Mama mmoja Mdinka akainua mkono. "Ejok," akanisalimia kwa lugha yetu ya Kiturkana, nami nikaitikia huku nikiangalia kitambaa chake cha kijani chenye ndege wa manjano. Usoni sikumtazama. Nyumbani tulikuwa tumekatazwa kuwakodolea macho wakimbizi, na maneno juu yao hayakuwa matamu: wanamaliza kuni zetu, wanamaliza maji. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Mama alizoea kusema, mtu ambaye hakuwahi kumiliki jembe na ambaye makaa yake yalinunuliwa na wageni haohao. Mimi nilishika kijani na ndege, nikaona inatosha.

Alasiri nikaenda kumtafuta mwenye ndege. Hakuwepo. Nilizunguka miti yote, nikamvuta nguo mama mmoja wa kijani, akanifukuza. Kitambaa chenyewe, nilikuja kujua, alikuwa amekilowanisha akamfunika nacho mtoto aliyekuwa na homa. Wanaume wawili waliosema wako nyuma yetu wakaniambia kama simjui wa mbele yangu, nikaanze upya. Kuanza upya kulikuwa na maana ya Ata kurudi Lodwar kuwa kipofu, na kosa lilikuwa langu. Nililia bila kujificha.

Ndipo nikasikia kelele mlangoni pa hema la madaktari. Mtu alikuwa ameitwa na anakataa kuingia, na watu wanamfokea kwamba jua linatua.

"Mimi kungoja," alikuwa akisema. "Msichana yangu ya nyuma iko wapi? Ile jino yake kuvunjika. Iko na bibi yake."

Yule mama Mdinka alinishika mkono, akatusogeza mimi na Ata hadi mahali petu, akawaonyesha wale wanaume kwa kidole kwamba ni hawa. Baada ya hapo tu ndipo akaingia.

Ata aliona kwa jicho la kulia miaka yote iliyombakia. Kitambaa cha dawa kilipofunguliwa alimtazama Mama kwa muda mrefu akasema amekonda, kisha akanigeukia akasema jino hilo linatutia aibu.

Nimesoma mengi juu ya kisiwa kile tangu hapo. Wanaoyasifu mapinduzi yake na wanaoyalaani bado hawajamaliza kubishana, na sasa naelewa kwa nini Achol aliwanong'onea mbuzi. Mimi nikiyasikia huwa namkumbuka yule mama ambaye hata jina sikumwuliza. Alikuja pale kwa sababu macho yalikuwa yanamwisha, moja limefungwa na jingine likitiririka machozi, akanitazama mpaka akalijua jino langu. Mimi nilikuwa na macho mawili mazima, na nilichoona ni kitambaa.