Tulivyosukuma Gari Kukipita Kituo cha Mafuta

Nilipokuwa wakili, majirani zangu wa Muthangari, Lavington, walinipungia mkono na kwenda zao. Serikali iliponiteua kwenye bodi ya kudhibiti kawi, watu wale wale wakaanza kuniulizia afya ya mama yangu. Si kwamba walimpenda mama ghafla. Kila mwezi sisi ndio tuliotangaza bei mpya ya mafuta, na siku ya tangazo salamu zilirefuka mno. Mama hajambo? Watoto je? Na gari, mmeshaliwekea mafuta?

Mimi si mtu mvumilivu. Katika ofisi yangu ya zamani katikati ya jiji, wateja walipanda ngazi hadi ghorofa ya juu kwa sababu lifti ilifanya kazi ikijisikia, nami niliwapa maji kwanza ndipo nikawagombeza kwa kuchelewa. Lakini kazi hii mpya niliianza kwa kiapo, na kiapo kilinifunga mdomo. Nyumbani nikaweka sheria moja: mafuta tunaweka mapema, na tangazo likikaribia gari letu lisionekane kituoni. Walinzi wa malango ya Lavington walitutazama na kupashana habari kwa simu. Tukijaza, bei inapanda. Tusipojaza, inashuka. Ishara hiyo ilikosea mara nyingi, ila imani ya watu haikupungua. Walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata walimwona ni mume wangu.

Maskini, kata lenyewe lilikuwa kavu. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, na hakuniuliza bei hata mara moja.

Sasa, mwezi mmoja tulikuwa tumetoka harusini kwetu magharibi, tukarudi mjini siku ya tangazo lenyewe. Hatua chache kabla ya kituo cha mafuta cha Lavington, gari likakohoa na kuzima. Foleni ya magari ilikuwa imefika barabarani. Mhudumu akatuona, akafurahi kama aliyepata mgeni.

"Madam, ingiza tu hapa! Nitakutengea nafasi."

"Tuweke kidogo tu, tufike nyumbani," mume wangu akasema.

"Hata tone," nikakataa.

Mume wangu akavua koti lake la harusi, akalikunja vizuri, akashuka na kuanza kusukuma. Nilishika usukani, nimevaa nguo zangu za sherehe, mkufu shingoni, tukaipita pampu moja baada ya nyingine. Vijana wa bodaboda walikuja kumsaidia huku wakicheka. Mimi nilijua bei inapanda, tena sana.

Katika foleni alikuwapo jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mzee Singasinga mwenye duka la spea mjini. Alikuja na magari yake mawili ya kusambazia mizigo. Akashuka, akainama dirishani kwangu.

"Wakili, mimi jirani yako. Niweke ama niwache?"

"Mzee wangu, siwezi kusema lolote."

Akamwangalia mume wangu aliyeloa jasho, akatabasamu kwa ujanja, akarudi kuyatoa magari yake kwenye foleni. Wengine wakamfuata. Niliumia sana. Neno moja tu lingewaokoa, na neno hilo ndilo nililoapa kutolisema. Kesho yake bei ilipanda, na mzee akaacha kunisalimia. Hata mama yangu hakuulizwa tena.

Baadaye niliacha kazi ile nikagombea ubunge. Mzee alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakazi, na mtaa wetu ulisikiliza neno lake kuliko mabango yangu yote. Akinikataa, nimekwisha. Siku ya mkutano ukumbini alisimama kabla sijafungua kinywa.

"Swali langu ni fupi. Ile siku ulijua bei inapanda. Ukaninyamazia mimi, jirani yako. Leo unataka kura yangu?"

Nilikuwa nimeandaa maneno matamu kuhusu barabara na stima, nikayaacha yote.

"Nilijua, mzee. Na ukinirudisha siku ile, nitanyamaza tena."

Msaidizi wangu wa kampeni alijishika kichwa. Ndipo mume wangu akanyanyuka kutoka viti vya nyuma.

"Mzee, mimi ndiye nilisukuma. Nilisukuma nikiwa na hakika bei inashuka! Nikajisifu moyoni kwamba mke wangu amenidokezea. Kesho yake nikaweka mafuta kwa bei mpya, kama wewe."

"Hata wewe hukuambiwa?"

"Hata mimi, na tunalala kitanda kimoja!"

Watu walicheka hadi viti vikalia. Mzee alicheka akilia, akafuta macho kwa ncha ya shati, kisha akainua mkono kuwanyamazisha.

"Basi huyu, hata pesa ya barabara tunaweza kumwachia."

Kura za mtaa wetu nilizipata hapo, na kiti nikakipata.

Tuliporudi nyumbani kwa miguu jioni hiyo, nilimsifu mume wangu kwa utani wake. Akaniambia haukuwa utani wote. Siku ile, alisema, hakuumizwa na bei ya mafuta wala mgongo. Aliumia alipoiona habari kwenye simu kesho yake, akajua kwamba nilikuwa nimekaa pale kwenye usukani, nikimtazama kwenye kioo anavyohangaika, nami najua bei inapanda.

"Mbona hukuniambia kwamba iliuma?"

"Ungenieleza sheria." Akatembea kidogo. "Lakini pia, ungeniambia bei, nisingekuamini tena."

Nikamshika mkono hadi langoni.