Sendofu Katika Kanisa la Zamani

Kanisa letu la zamani pale mjini Mwanza, lile la mawe, limeshafanya kila kazi. Nilibatizwa humo. Waumini tulipozidi tukahamia kanisa jipya, la zamani likawa stoo ya saruji, kisha chekechea, na humo ndimo nilimojifunza kusoma. Siku hizi ni ukumbi wa sherehe, una mapazia ya zambarau na spika kubwa kuliko kabati. Nalipenda kama bibi anayevaa chochote anacholetewa na wajukuu.

Kwa hiyo sendofu yangu, sherehe ya kuniaga nyumbani kabla ya harusi, niliitaka humo humo. Kamati ikapanga meza kuu pale mbele ilipokuwa altare, kama wafanyavyo wote. Mama akasema, "Mimi pale sichezi."

Sasa, mama asipokuja akicheza mpaka meza kuu, nani atanikabidhi kwa wakwe? Kwetu sendofu bila hilo ni pilau tu. Nikawaka. "Mama, altare ilishahama. Padri mwenyewe karuhusu!"

"Ruhusa ni yake, miguu ni yangu," akajibu, akiendelea kuchambua mchele.

Shangazi alicheka. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mtakomeshana."

Siku mbili tulinuniana. Ya tatu tulikwenda kupima mapazia, mama akasimama mlangoni, akanionyesha kule mbele kwa kidole.

"Jeneza la baba yako lilikaa pale. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, umelala."

Nilikuwa na miaka miwili, sikumbuki chochote. Hasira ikaniisha, nikaona aibu kweli kweli. Nikaiambia kamati meza kuu ihamie ubavuni, chini ya madirisha. Mwenyekiti akalalamika kwamba picha zitatoka vibaya. Nikamwambia zitoke tu.

Siku yenyewe mama aliingia akicheza na wenzake wa kitenge kimoja. Wenzake wakakata kona kuja kwangu. Yeye akanyoosha moja kwa moja hadi mbele, pale patupu, akasimama. Muziki uliendelea. Sikuwa mbali, nilimsikia.

"Mzee mwenzangu, mtoto anaondoka. Twende tukamtoe."

Kisha akaja, taratibu, akitembea upande mmoja kama mtu aliyeongozana na mwenzake. Akanishika mkono, akanigeuza kwa wakwe. Nililia mpaka poda ikaisha usoni, maana siku ile nilitolewa na wazazi wangu wote wawili.