Uzi wa Kijivu Chini ya Pazia

Mpaka leo sijaelewa vizuri kilichotokea nyumbani kwangu Mchikichini, baba mkwe alipokuja kutibiwa macho.

Mimi ni mtoto wa duka la nyuzi, Kariakoo. Kwetu usipomwamkia mkubwa umemtukana. Kwao mume wangu, huko nyanda za juu kusini, mwanamke hamsemeshi baba mkwe wala hamtazami, naye baba mkwe vivyo hivyo. Basi mzee akakaa sebuleni, mimi jikoni, pazia katikati. Shikamoo ikanikaa kooni. Nikawa najiuliza: hii ni heshima, au mzee hakunitaka tangu mwanzo na mila imempa kisingizio? Nikimuuliza mume wangu anacheka. Nilitamani kumrushia mwiko.

Mzee alikuwa akifunga vyambo vya manyoya ya kuku na uzi, vya kuvulia trauti, samaki wa mito yao ya baridi. Msimu ulikuwa umekaribia. Wadudu wadogo wangeibuka majini kwa wingi, na trauti wakati huo huwa na maringo, hali chambo kisichofanana na mdudu wa siku hiyo. Siku moja kabla ya safari yake ya kurudi, mume wangu yuko kazini, nikasikia:

"We pazia, macho yangu bado yana ukungu. Nitapata wapi uzi wa mdudu?"

Nikijibu nimevunja mila, nikinyamaza nimemwacha mzee wa watu ahangaike. Nikasukuma chini ya pazia sinia la nyuzi nilizotoka nazo dukani kwetu, zile nzuri kuliko zote, nyekundu, dhahabu, zinazometameta. Sinia likarudi vilevile.

"Pazia, hizo za harusi. Mdudu anapoibuka bado hajapendeza. Mabawa yamekunjamana, anahangaika kujivua ngozi ya zamani. Samaki anamtaka huyo."

Nikachomoa uzi wa kijivu kwenye pindo la koti la mtumba nikaupitisha. Safari hii sinia halikurudi.

Baadaye ncha ya ufito wake wa kuvulia ikachomoza pembeni mwa pazia. Chambo cha kijivu kikashuka kwenye beseni langu la maji, polepole, bila kurusha hata tone, kikaelea. Alikuwa anakijaribu tu? Au ananionyesha mimi? Nikacheka, halafu machozi yakanitoka, na sijui yalikuwa ya nini.

Kesho yake akaondoka bila kuniaga. Nilikasirika hadi jioni mume wangu aliporudi na simu mkononi.

"Baba kafika salama."

"Kanisalimia?"

"Hapana. Ila kauliza kama pazia halijambo. Kasema ole wangu nije nilibadilishe."

Pazia lenyewe lilikuwa kwenye beseni, nilikuwa nalifua kwa hasira. Nikalitoa likichuruzika maji, nikalirudisha mlangoni.